Mashine Namba Tatu Haikuwa Mbovu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Uongozi ulimtafuta mwandishi aliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi na ambaye bado yuko timamu. Sharti la pili baadaye lililegezwa.

Wengi mnamfahamu kama Bi Sindano, kwa zile sindano mbili za kufumia zinazochungulia mfukoni mwake. Jina hilo halikumsaidia wodini. Alipokwenda kukusanya mashuka na nesi akamwita kwa sauti, wagonjwa walijifunika gubigubi.

Alianza kwa kukunja taulo, akapanda ngazi bila kumkanyaga mtu. Miaka yote hiyo hakuna nguo iliyonywea mikononi mwake. Kumbe nyumbani alikuwa anazifanya zinywee makusudi!

Kwa wasioujua ufundi huo: unafuma kitu cha sufu kikubwa kupita kiasi, unakitia kwenye maji moto na sabuni, unakisugua mpaka nyuzi zishikane na kiwe kidogo, kinene na kigumu. Ndiyo maana mumewe, dereva asiyependa maswali, alirudi jioni moja akakuta mezani kofia yenye ukubwa wa kapu, akaambiwa ni yake. Aliuliza tu kama kichwa chake kinatarajiwa kukua. Maji yake ya kuoga yalikuwa yameshakwenda kwenye sufu.

Watoto watatu walifanya kazi za shule katikati ya mabonge ya nyuzi, huku mama yao akikoroga mboga na kuhesabu vishono kwa wakati mmoja. Akipoteza hesabu, walijua chumvi imeingia mara mbili. Mama mkwe alitangaza kwamba nyumba imegeuka zizi la kondoo. Aliyasema hayo akiwa amevaa slipa za sufu za mkwewe, na mpaka leo hajazivua.

Ufundi huu ulianzaje? Hapa itabidi kumtaja mfuaji mmoja aliyeajiriwa miaka ishirini na moja iliyopita, mwenye vyeti vizuri na haraka nyingi. Wiki yake ya kwanza alizoa kila kilichokuwa mezani, akakitupa kwenye mashine namba tatu, maji yakitokota. Humo mlikuwa na sweta ya Bi Sindano, ya mwisho kufumwa na marehemu mama yake. Ilitoka ikimtosha mtoto wa miaka miwili.

Mgeni aliapa kwa viapo vyote kwamba mashine ni mbovu. Bi Sindano alitoka na sweta yake hadi kwenye kamba za kuanikia, akatupa mgongo, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, macho mekundu, alichukua mkasi akakata pindo, akaona nyuzi hazifumuki. Kesho yake kitinda mimba wake alikuwa na slipa. Na mashine ilibandikwa karatasi: MBOVU. ISITIWE SUFU.

Mafundi wameifungua mara tano, hawakuona kitu, wakalaumiana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kufanya kazi kwenye idara yetu.

Mfuaji yule ndiye anayeandika mistari hii. Mbovu nilikuwa mimi, na nimeona haya kulisema miaka ishirini na moja. Juzi nilimwendea nikakiri. Akasema alijua tangu siku ile ile. Karatasi aliibandika ili mkubwa wa wakati huo asinifukuze. Kisha akauliza kama nimeshakunja mashuka ya wodi ya wazazi. Sikuwa nimeyakunja.

Uongozi umemwandalia saa ya ukutani, yeye ambaye hajawahi kuchelewa. Mimi nimefuma sweta. Imenichukua miezi minane, mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia, na manesi wamenicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Bi Sindano, asante kwa mashuka meupe, kwa slipa ulizotugawia zikaipa miguu yetu joto, na kwa karatasi ile. Tunakutakia maisha mema, wewe na wanao, na mzee apate maji ya kuoga hatimaye. Na hiyo sweta, nakuomba dada yangu, ifue kwa maji baridi.