Ala ya Kisu cha Tetsuro

Majirani, wafua visu na jamaa mliofika, mimi Shigeo, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu.

Marehemu Kumazawa Yoshinari alizaliwa tarehe 3 Februari 1947 hapa Sakai, mtoto wa kwanza wa Mzee Kumazawa Eikichi, akasoma papa hapa mtaani, na mwaka 1962 akaanza kuchonga ala za mbao za visu vya jikoni, kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipomkatalia. Alikuwa mkali, tusifichane, ala iliyobana alikurushia, na iliyolegea alikurushia vilevile, kwani kwake kisu kinachocheza ndani ya ala kilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Tarehe 10 Mei 1974 alimwoa Bi Fusae, wakajaliwa mtoto mmoja, Tetsuro, mwaka 1976. Tetsuro alipofuzu kunoa, baba yake alimpa kisu na kukichongea ala, lakini mwaka 2004 kijana alitaka kuleta mashine ya kunolea, marehemu akamwambia, "Kama kinoo na maji vimekushinda, mlango ule pale," naye akaondoka na kisu kitupu, kimefungwa kwenye gazeti. Ala ilibaki ukutani, marehemu akiipangusa kila asubuhi, na shemeji Fusae alipomwambia, "Baba Tetsuro, mpigie mwanao simu," alimjibu, "Kisu kinajua ala yake iko wapi." Simu haikupigwa, na hilo linatuuma mpaka leo.

Aliugua mapafu kwa muda mrefu, akalazwa, akafariki tarehe 21 Novemba 2023.

Kwa desturi yetu maiti hulazwa na kisu kifuani, basi jana Tetsuro alifika, akakitia chake kwenye ala ile, tukasikia kinagongagonga, maana mashine ya kunolea ilikuwa imekila miaka yote hiyo, kikapungua. Alisema, "Baba, kinacheza," akalia.

Mwili utachomwa, na chuma hakiingii motoni, kwa hiyo kisu kitatolewa kabla jeneza halijafungwa, na ala itakwenda na aliyeichonga. Tetsuro aliomba abaki nayo, mama yake akakataa, "Hiyo ni ya kisu ulichoondoka nacho. Hiki kichongee mwenyewe." Mpaka sasa hajui hata patasi inavyoshikwa, hivyo tukitoka hapa atakifunga tena kwenye gazeti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Kaka, ungempigia tu. Pumzika kwa amani.