Kinanda Juu ya Hotuba: Mzee Athanasi Hyera Anastaafu

Kwa heshima na taadhima, uongozi na wafanyakazi wa Studio Upendeleo, Mfaranyaki, wanautangazia umma wa Songea na vitongoji vyake kwamba kuanzia Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, hakuna tena bwana harusi atakayegeuzwa nyota. Wala bibi harusi hatapasuka vipande vya kopa. Mtu pekee mjini aliyeamini kwamba kila picha ya video lazima iondoke kwa kishindo namna hiyo, Mzee Athanasi Hyera, anastaafu siku hiyo baada ya kututumikia miaka thelathini na minne. Mwenye nguvu ya kulia alie. Mwenye nguvu ya kushangilia asubiri kwanza soda zifunguliwe.

Mzee Athanasi alizaliwa Lusewa, akaja mjini kutafuta kazi ya udereva. Hakuipata, na barabara zetu zikanusurika. Mwaka 1991 mwenye studio wa wakati huo, marehemu baba yake Mama Leticia tuliye naye leo, akamwajiri kushika taa. Mpiga picha alipohamia Mbeya akaiacha kamera, Mzee Athanasi akaishika, na tangu siku hiyo hakupatikana mtu mwenye ujasiri wa kumnyang'anya. Ufundi hakufundishwa na mtu yeyote. Hilo hulisema mwenyewe kwa kujivuna, na kazi zake zinamshuhudia.

Alikuwa na jicho la peke yake. Maharusi wakivishana pete altareni, kamera yake ilikuwa nje inakagua masufuria. Iko harusi moja ya Mshangano ambayo mbuzi anaonekana zaidi kuliko bwana harusi, tena kwa heshima zaidi. Siku mtu akitaka kuandika historia ya mapishi ya mkoa huu, aje kwetu, kila kitu kipo: wali, kisamvu, kuku na mikono iliyovipakua. Walichosema watu siku hizo ndicho kisichokuwepo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kinanda. Kila baada ya sherehe Mzee Athanasi alirudi studio, akautia mkanda kwenye deki, akabandika muziki wa kinanda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muziki ule ule, mwaka hadi mwaka, harusi, kipaimara na jubilei. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Hotuba zinachosha. Watu wanataka burudani." Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mji huu wazee wanafumbua na kufumba midomo kama kambale, na kinanda kinawasemea.

Zama zikageuka. Deki za majumbani zikafa, watu wakaanza kutuletea mikanda yao tuihamishie kwenye kompyuta. Ilikuja imefungwa kwenye khanga, imetolewa uvunguni au ghalani kati ya magunia ya mahindi, mingine ina ukungu mweupe kama unga. Kazi hii haina njia ya mkato. Unausafisha mkanda, unauingiza kwenye deki iliyounganishwa na kompyuta, unakaa unaungoja ucheze wote. Kama sherehe ilirekodiwa saa mbili, na wewe unakaa saa mbili. Ndipo unakata, unapanga, unaweka kwenye flashi. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kukaa, Mzee Athanasi akawa mkuu wa kitengo. Alisafisha kwa spiriti na fulana yake mwenyewe. Mkanda wa familia moja aliurudisha ukiwa ndani ya beseni, umetoka wote nje kama tambi, akamwambia mwenye mali kwamba angalau sasa hauna ukungu. Iliyobaki mizima aliitia nyota.

Mafanikio yake makubwa ni ya mwaka huu, na lazima yasimuliwe vizuri kwa sababu hakuyakusudia.

Mama Getruda Nditi wa Mshangano alikuja na mkanda wa harusi yake ya mwaka 1996. Baba yake, Mzee Pankrasi, alifariki mwaka ule ule kabla ya Krismasi. Binti yake Getruda, anayeitwa Ida, anaolewa Julai hii, na hajawahi kusikia sauti ya babu yake. Getruda alitaka kitu kimoja tu: kipande ambacho baba yake anasimama kumpa nasaha bibi harusi, kionyeshwe ukumbini ili babu naye awe amezungumza. "Shikamoo mzee," alimwambia fundi wetu, "mengine yote weka nyota utakavyo. Hapo kwa baba usiguse."

Tukaucheza. Mzee Pankrasi akasimama, koti kubwa, mkono umeshika kiti. Akafumbua mdomo. Kinanda kikaanza.

Mwamvua wa mashine ya fotokopi hajawahi kuwa na subira. "Mzee Athanasi! Baba wa watu umemfanya mwanakwaya!"

"Ndivyo walivyokuwa wanapenda," akasema Mzee Athanasi. "Watu walikuwa wanataka muziki."

"Na mimi ni watu gani, mzee?" akauliza Getruda. Hakupandisha sauti. Akachukua pochi yake, akasema atapita tena kuufuata mkanda, kwa maana hata hiyo midomo tu anaitaka.

Wiki hiyo hiyo deki yetu ikatafuna mkanda wa mwisho wa maisha yake, ikazima. Mama Leticia akatafuta nyingine mpaka Tunduru, kwa Bwana Saleh, mfanyabiashara wa korosho, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameitumia kuinulia televisheni. Ilikuwa deki nzito, ya bei, yenye vitufe vingi kuliko Mzee Athanasi alivyozoea. Mwamvua alipojitolea kumtafutia maelekezo kwenye simu, alijibiwa kwamba deki ni deki.

Getruda alipofuata mkanda, ulikuwa ndani ya deki hiyo unahamishwa, na Mzee Pankrasi ndiyo kwanza anasimama. Mzee Athanasi akataka kuutoa ampe mwenyewe. Akabonyeza kitufe, siyo. Akabonyeza kingine, siyo. Akabonyeza cha tatu, kinanda kikakatika.

Yakaja makelele ya watu. Vigelegele, sahani, mtoto analia, mtu anamwita mtu aitwaye Joachim alete kuni. Mzee Athanasi akanyoosha kidole ili arekebishe. Mwamvua akamshika mkono. "Uguse uone!"

Kumbe mkanda ule una njia mbili za sauti. Mzee Athanasi aliubandika muziki wake kwenye njia moja, na ya pili hakuigusa kwa sababu hakujua kama ipo. Deki za majumbani kwetu, pamoja na ile yetu iliyokufa, zilisoma hiyo moja tu. Kwa hiyo sauti za mji mzima zimetunzwa miaka yote hii na kutokujua kwa mtu mmoja, na tunaona ni haki ashukuriwe kwa hilo, maana ujuzi wake ungezifuta.

Mzee Pankrasi alisema hivi: "Nawashukuru wote mliofika. Zile sufuria mbili kubwa ni za jumuiya, naomba zisipande gari la watu wa Lusewa." Watu wakacheka. Akangoja wanyamaze. "Getruda, mwanangu, sogea hapa. Kuna neno nimekutunzia tangu ulipozaliwa. Nilisema nitakwambia siku ya leo."

Hapo ikaingia sauti nyingine, kubwa, ya karibu sana na kamera, ambayo sote tuliitambua. "Mzee, fupisha! Mkanda unaisha!"

Mzee Pankrasi akageuka kuitazama kamera. "Ah. Basi, nitamwambia nyumbani. Mungu awabariki. Kaleni."

Mwamvua ndiye aliyeuliza. "Alikuambia, dada?"

"Tuliondoka jioni ile ile kwenda Njombe kwa mume," akasema Getruda. "Niliporudi, nilirudi msibani."

"Mkanda ulikuwa unaisha kweli, mama," akasema Mzee Athanasi.

Getruda aliomba kipande kirudiwe, kikarudiwa, akacheka palepale kwenye sufuria za jumuiya huku anajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ndiye," akasema. "Na hivyo hivyo kitaonyeshwa." Akaomba flashi mbili, ya Ida na ya kwake.

Habari ilienea kwa bodaboda, na tangu hapo mikanda ile ile tuliyowahi kuihamisha na kinanda chake inarudi kaunta kuhamishwa upya. Watu wanasikia mama zao, shangazi zao, na katika kila mkanda, bila kukosa, wanamsikia Mzee Athanasi akiwaamuru wazazi wao wasogee kushoto. Hakuna mtu katika mkoa huu ambaye sauti yake imehifadhiwa kwa wingi kama yeye.

Mama Leticia anakushukuru kwa kutokosa kazini hata siku zile tulizoomba ukose. Mwamvua anakushukuru kwa fulana, ambayo ameificha. Sisi wengine tunakushukuru kwa kukaa na mikanda ya watu saa zote hizo tulizokataa kukaa sisi. Hilo hatulisemi kwa mzaha. Nenda salama Lusewa, mzee wetu. Mahindi yakukubali, magoti yakutii, wajukuu wakuache umalize sentensi zako.

Mkanda wa Getruda tuliuhamisha wote mpaka mwisho, kama kazi inavyotaka. Baada ya "kaleni" kuna rangi ya bluu tupu, saa nzima ya mkanda usiotumika.