Mama Mektilda na Buluu ya Beseni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupaka rangi, Mama Mektilda Ndunguru anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana yetu ya Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, itabaki na ngazi, makopo na sisi wenye haraka.

Alikuja kutoka Songea akiwa binti, akaanza kwa kupiga kuta msasa, anaondoka akiwa fundi mkuu. Lakini tutakayemkumbuka zaidi ni yule wa jioni, ameketi kwenye kigoda uani, anaosha brashi. Za rangi ya mafuta alizisuuza kwa mafuta ya taa, kisha sabuni ya kipande na maji vuguvugu. Akazichana kwa kitana, akazifunga gazeti, akazitundika.

Tulimwona mbahili. Mpaka fundi Nurdin aliponunua brashi mpya za bei chee kwa kazi ya duka la mashela ya harusi. Zilinyonyoka, dari ikaota ndevu, na mwenye duka alikuwa anafungua kesho yake. Mama Mektilda akafungua magazeti yake, akatoa brashi kuukuu ambazo nywele zake legevu zilikwisha kupukutika zamani. Dari ilitoka laini. Ya kale ni dhahabu, na Nurdin ndiye anayetuhubiria siku hizi.

Alipokuwa akiosha hakupenda kuharakishwa. Buluu ilijikunja taratibu ndani ya beseni, nyeupe ikaifuata, na yeye akatulia akiitazama huku kelele za soko zikififia. Tulichelewa kujua kwamba alikuwa akiitafuta rangi ya nyumba yake. Amepaka maduka, makanisa na misikiti, lakini nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kule Chanika bado ni saruji tupu. Kila mwaka kuna kilichotangulia: ada, mabati, mgonjwa. Hofu yake ilikuwa kustaafu na kuzeekea ndani ya kuta zisizo na rangi, na hilo lilituuma.

Basi juzi tulimweleza kwamba Jumamosi tunakwenda Chanika sote, na buluu ile ya beseni tumeshaichanganya. Yeye akae tu barazani, asiguse kitu. Machozi yalimlengalenga.

“Sawa, wanangu,” akasema. “Lakini brashi nitaosha mwenyewe.”

Asante kwa kila ukuta, Mama. Mungu akujalie asubuhi nyingi za kuamka ndani ya rangi uliyoichagua wewe.