Wosia wa Kurasa Arobaini

Kwenye treni ya asubuhi, mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, aliketi mbele yangu amekumbatia faili nene. Kando yake alikaa fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Hawakujuana, lakini fundi akamuuliza kama anakwenda kwenye kesi.

"Ni wosia wangu, mama. Kurasa arobaini."

"Kumbe una mali hivyo!"

"Shamba moja, watoto watatu."

Fundi alicheka hadi akashika mbavu. Mzee akaeleza kwa upole kwamba kurasa thelathini na nane ni historia: nani alifyeka msitu ule, reli ilipita mwaka gani, mto wa mpakani ulihama lini. "Marehemu kaka yangu hakuandika hata neno. Wanawe wako mahakamani mwaka wa tisa, wanagombania mto ambao haupo."

"Mzee wangu, watoto wa siku hizi hawasomi hata karatasi ya dawa. Andika mstari mmoja tu."

"Mama yako aliandika mingapi?"

Fundi akavuta utepe wake shingoni. "Mmoja. 'Nyumba ni ya aliyenitunza.'"

"Na mlimtunza wangapi?"

"Mimi peke yangu. Ila siku ya kusoma wosia tulitokea sita."

Mzee hakucheka. Alitoa kalamu, akageuza ukurasa wa mwisho upande mweupe. "Haya, tuanze mwanzo. Nyumba yenyewe ilijengwa na nani?"

"Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia," fundi akasema, akajiweka sawa kitini.

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo changu, nikashuka shingo upande.