Waranti ya Giaboksi

Ndani ya basi la barabara ya Woodward, Detroit, wengi tuna magari. Yako gereji. Jamaa mmoja, shati lake la kazi limedariziwa jina Terrell, alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi kando yake. "Waranti ninayo, ila ni ya injini na giaboksi. Kilichokufa ni hita, na baridi yote hii."

"Giaboksi nimeziunda kiwandani miaka thelathini, mwanangu. Haziharibiki ovyo, ndiyo maana wanazidhamini."

"Basi bora ningechukua ile ya gari zima."

"Hata hiyo haigusi kilichochakaa kwa kutumika."

Jamaa alikuwa bado anabisha basi liliposimama kituoni. Mama akainuka taratibu, ameshika bega lake linalomuuma.

"Hili niliwapelekea kiwandani," akasema. "Wakaniambia limechakaa kwa kutumika."