Ndugu Simeoni Njiku: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kufunua Mitungi ya Watu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Simeoni Njiku, Bwana Afya Msaidizi wa eneo letu la Mungaa, anastaafu baada ya kuwatumikia wananchi kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo aliugua malaria mara nyingi, alifukuzwa na mbwa mara nyingi zaidi, na aliombwa ushauri mara mbili. Mara zote mbili ulikuwa ushauri kuhusu ng'ombe.

Alizaliwa hapahapa Mungaa, akasoma kwa mapadri hadi darasa la nne, na mwaka 1947 akaajiriwa kupiga dawa ya viroboto katika nyumba zilizoingiwa na tauni. Baadaye alichanja ndui, akafundisha uchimbaji wa vyoo na kukagua maji ya kunywa. Hodi yake na mkono wake kwenye kifuniko cha mtungi wako viliingia ndani pamoja. Mama mmoja wa hapa alizoea kusema, "Simeoni akija sihangaiki na kiti. Naukalia mtungi."

Wakati wa kampeni ya vyoo alisimamia vyoo mia mbili na arobaini. Vyote vilichimbwa, vikaezekwa, ripoti ikapelekwa wilayani, akapongezwa. Mwezi mmoja baadaye alipita kukagua akakuta vingi vimejaa magunia ya mtama. Wenyewe wakamweleza kwa upole kwamba jengo zuri namna ile, lenye paa na mlango, ni aibu kuliingia kwa shughuli ile. Hakukasirika. Aliandika kwenye daftari lake, "Vyoo vinatumika," jambo ambalo mbele za Mungu halikuwa uongo.

Lakini kazi yake kubwa ni ile ya maji, na hapo ndipo nawaomba mvute viti karibu.

Mwaka 1970 kaya zetu zilihamia Kijiji cha Umoja, penye kisima kirefu na pampu ya mkono katikati. Maji mengi, maangavu, hatua chache kutoka mlangoni. Mwaka uleule walikuja wataalamu wawili, wakajaza chupa zao kwa maji ya pampu na ya visima vingine, wakawaomba watoto wa shule wafungue midomo, wakaondoka. Baada ya miezi mitano ikaja barua kwa Ndugu Simeoni. Maji ya pampu yetu yana chumvi iitwayo floraidi, kama yalivyokuwa ya visima vyetu vya zamani, tena imepita kiasi kuliko katika visima vyote vya jirani. Chumvi hiyo ndiyo inayoyafanya meno kuwa ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto inapinda mifupa ya miguu. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye meno na mifupa yake bado inajengwa.

Msomaji wa mbali hana budi kujua kwamba kwetu meno ya kahawia si ugonjwa, ni kitambulisho. Akiletwa kijana anayetaka kuoa, wazee humtania kwanza ili acheke. Wakiona kahawia, mioyo inatulia: "Wa kwetu huyu." Mwenye meno meupe huulizwa ukoo wake mara tatu, na kuna waliorudishwa na posa zao. Kwa hiyo barua iliposomwa mkutanoni, watu walisikia kitu kimoja tu, kwamba Serikali imepima bibi zetu na kuwakuta wabovu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lazaro, ambaye ndiye aliyekuwa ameipokea pampu kwa hotuba ya saa mbili, alisimama.

"Simeoni, maji haya yamepimwa wapi?"

"Dar es Salaam, Mwenyekiti."

"Basi yameharibikia safarini. Hapa yalitoka mazima."

Makofi. Halafu akainuka Marietha, mama mwenye mdomo wake, mtoto wa pili mgongoni.

"Shikamoo, Mzee Simeoni."

"Marahaba, mama."

"Hebu cheka tukuone."

Mzee wa watu akacheka. Meno yake ni ya kahawia kuliko ya mtu yeyote katika tarafa.

"Haya, mbona hujafa?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mkutano ukapitisha azimio kwamba maji ya Umoja hayana kosa lolote, na nakala ikatumwa kwa wale wataalamu ili wajirekebishe. Sisi wa zahanati tulicheka pamoja na wenzetu. Mimi niandikaye nimekwisha kulitubu hilo. Wenzangu sijui.

Kilichofuata hakijapata kutokea mahali pengine, naamini. Kwa miaka ishirini na mitatu Ndugu Simeoni aliwasihi watu wachemshe maji ya kunywa, wakakataa. Kuni hakuna, maji yanapoteza ladha, nani ana muda. Sasa ile barua ilisema pia kwamba floraidi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua jikoni, chumvi inabaki yote palepale. Akalitangaza hilo Jumapili baada ya ibada. Jumatatu asubuhi kila nyumba ilikuwa na chungu cha maji motoni. Akapita akiuliza mlango kwa mlango, akajibiwa, "Si wewe uliyetufundisha, mzee? Tumekutii." Wengine waliyachemsha hadi yakabaki nusu, wakiamini kwamba yaliyostahimili moto ndiyo maji imara. Mwaka ule kuharisha kulipungua sana kijijini, na Mwenyekiti akakutaja kupungua huko kuwa ushahidi kwamba utafiti wa maji ulikosea. Najua ataisoma habari hii. Na aisome.

Mtu mwingine angesusa. Ndugu Simeoni alirudi kwenye barua akaona kwamba maji ya visima vifupi vya korongoni, vile vinavyofukuliwa mchangani maili tatu kutoka kwetu, yalipimwa yakaonekana mazuri. Kijiji kizima asingekiweza. Akachagua chekechea, ambako watoto kuanzia mwaka mmoja huachwa mama zao wakiwa katika shamba la kijiji. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alifunga madebe mawili kwenye keria ya baiskeli yake, akaenda korongoni na kurudi. Uji wa watoto ukapikwa kwa maji hayo, na kila mtoto akapewa kibuyu cha kunywea nyumbani. Na kwa kuwa maji ya mchangani yana vijidudu, haya yalitakiwa yachemshwe. Yunisi, mpishi wa chekechea, alimtazama akasema, "Baba, yale unakataza, haya unaamuru. Wewe ni mzima?" Lakini alichemsha.

Mwenyekiti akaandika wilayani kwamba Bwana Afya anawagawa watoto kwa maji, kinyume na moyo wa ujamaa. Ndugu Simeoni akaitwa. Akaambiwa yakija malalamiko mengine atahamishiwa mkoa wa mbali. Akashukuru, akatia sahihi, akalala njiani, na kesho yake watoto walikunywa uji kwa wakati. Aliendelea hivyo miaka minane, akijua kwamba siku atakayohamishwa, watoto watarudi kwenye pampu.

Juzijuzi meno ya ukubwani ya wale watoto yameota. Marietha sasa ana ushahidi ndani ya nyumba yake. Samweli, wa kwanza, aliyekua kabla ya maji ya korongoni, ana meno ya kahawia na matege yanayomchelewesha shuleni. Mdogo wake Hana, yule wa mgongoni, aliyepelekwa chekechea kwa sababu uji ni uji, ana meno meupe na miguu iliyonyooka. Basi nchi ikachafuka upya. Wapo waliosema ni mswaki, wapo waliosema ni maziwa. Mwenyekiti alisema ni matunda ya uongozi bora. Bibi yake Hana ndiye aliyelia kweli: "Na huyu atakapoolewa, nani ataamini ni mtoto wetu?"

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikutana kupanga sherehe hii. Ndugu Simeoni akauliza jambo moja tu: mrithi wake hajaletwa, chekechea ina watoto thelathini na wanne, nani atabeba maji kuanzia Jumamosi ya tarehe moja?  Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza suala la baiskeli. Ndugu Simeoni akabaki amesimama, kofia mkononi. Mtu huyu aliyetuhutubia miaka yote hata tukiwa msibani akageuka kuitazama baiskeli yake.

Marietha akainuka.

"Mzee, nifundishe kuipanda."

Wanaume wakaangua kicheko. Mwanamke na baiskeli!

"Sawa," akasema Marietha. "Anayecheka kuliko wote ndiye aende korongoni kesho."

Sijapata kuona wanaume arobaini wakitafuta kitu chini kwa pamoja namna ile.

Wiki mbili hizi tumemwona Ndugu Simeoni, umri miaka hamsini na mitano, akikimbia nyuma ya baiskeli ameshika kiti, akipiga kelele, "Tazama mbele, mama, usitazame tairi!" Marietha ameangukia ua wa miiba mara mbili, na debe moja limebonyea. Jumatano alikwenda na kurudi peke yake. Alichelewa, alimwaga nusu debe njiani, goti lilikuwa linatoka damu. Yunisi alikuwa ameshawasha moto, na uji ulipikwa.

Ndugu Simeoni, ahsante kwa miguu yako, kwa uvumilivu wako, hata kwa hotuba zako. Tunakuombea kwa Mungu siku nyingi, afya njema, na usingizi wa mtu asiyeamka kuchota maji. Baiskeli umeamua kuiacha hapa, kwa hiyo Ijumaa utarudi nyumbani kwa miguu. Tutakusindikiza wote hadi mlangoni kwako, na sanduku lako, tumekwisha kukubaliana, atalibeba Mwenyekiti.

Wafanyakazi wenzako,
Zahanati ya Umoja