Edvina Kamala, Aliyetufundisha Maana ya Ruta

Edvina anastaafu. Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne kazini, Edvina Kamala anarudisha funguo za ofisi ya Rwabizi Mawasiliano hapa Bukoba, na mimi niliyemzaa ndiye niliyeombwa kumwandika. Wabonaki nyote, kama tunavyosalimiana kwetu. Bwana Kaijage, mkuu wa shirika, alisema angeweza kuandika mwenyewe, ila mimi namjua zaidi. Hapo hakukosea. Elimu yangu ni darasa la nne la wakati ule, kwa hiyo kwenye nukta na mikato mtanivumilia. Kwenye sifa sihitaji msaada.

Aliajiriwa mwaka 1992, akapewa mkanda wa kupandia nguzo za simu. Watu wa kijijini kwetu Izimbya walikuja kuniuliza kama kule kazini wanaume wamekwisha. Niliwajibu kwamba wapo, ila wanaogopa urefu. Nguzo zilipopitwa na wakati, yeye hakupitwa. Intaneti ilipoingia alirudi darasani akiwa na watoto watatu nyumbani, akafaulu. Leo kuanzia Kahororo hadi Buganguzi kule Muleba kuna zahanati, shule na nyumba za watu zinazotumia mitandao aliyoifunga kwa mikono yake.

Tena anaeleza. Mafundi wengine huja, wakataja maneno yao, wakaondoka, nawe umebaki unatikisa kichwa. Edvina huvuta kiti. Modemu, anasema, ndiyo inayoleta mkungu kutoka shambani mpaka mlangoni. Ruta ni mama wa jikoni: inampakulia kila mmoja chake, simu, kompyuta, televisheni. Na waifai ni huko kupakua kwenyewe bila kupitisha waya. Mwalimu mmoja wa Buganguzi aliifungia ruta yake kwenye kabati la chuma kwa kuogopa wezi, kisha akalalamika kwamba mtandao haufiki chumbani. Edvina alimuuliza kama yeye akifungiwa humo sauti yake itafika chumbani. Ruta ikatolewa, ikawekwa juu katikati ya nyumba, na mpaka leo mwalimu yule humwita Injinia.

Ila kubwa kuliko yote lilitokea kwangu. Mwaka jana Elieth, binti wa jirani yangu, aliitwa kwenye usaili wa uuguzi kwa njia ya video. Alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu na cheti chake, na ruta iliyokuwa karibu ni hii ambayo Edvina alinifungia. Zikiwa zimebaki dakika ishirini usaili uanze, alipokuwa akijaribu video, picha ilianza kuganda na sauti kukatika. Mtoto akaanza kulia. Nikampigia Edvina.

“Mama, paswedi umempa nani?”

“Waliokuja.”

“Wangapi?”

“Edvina, mgeni akiingia kwangu nampa kahawa ya akamwani atafune, na paswedi kwenye kikaratasi. Ulitaka nimnyime kipi?”

Alicheka, kisha akaomba nimpe Elieth simu. Akamwelekeza kufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, na huko wakaiona orodha ya waliounganishwa: simu kumi na tisa. Wengine walikuwa barazani kwangu, wengine majumbani kwao nyuma ya migomba. Akamwambia abadilishe paswedi. Wote wakakatika kwa pamoja, Elieth akaingia peke yake. Mzee Kashaija, aliyekuwa barazani akitazama mpira kwenye simu, akapaza sauti, “Alistidia, leo umeninyima?”

“Leo nimekunyima, Kashaija. Tafuna kahawa yako.”

Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumjibu mgeni hivyo.

Elieth aliongea na wale wakubwa dakika arobaini, na picha haikuganda hata mara moja. Wiki mbili baadaye aliitwa kazini.

Jumapili iliyofuata usaili Edvina alikuja kunifungulia mtandao wa wageni. Una jina lake na paswedi yake, umetengwa na ule wa ndani, na umewekewa kiwango ili wageni hata wakijaa wasimalize kasi ya nyumba nzima. Alisema ni kama sebule: mgeni anakaa kwa heshima zote, lakini chumbani haingii. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye nilikuwa naongea. Kashaija amerudi barazani, na mpira wake hausumbui mtu.

Rwabizi Mawasiliano, asanteni kwa kunitunzia mwanangu miaka yote hii. Mlimpokea akiwa msichana mwenye mkanda kiunoni, mnanirudishia mtu ambaye nusu ya wilaya ina namba yake ya simu. Wateja wake, mpigieni pia siku ambayo hakuna kilichoharibika. Nawe Edvina, pumzika, ulale mpaka jua litoke, kibanja kipo na kahawa imeanza kuiva. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kukaa nasi bila haraka.

Amesema hataki sherehe. Nimemsikia. Ndizi nimeshaagiza, Elieth ameshaomba ruhusa kazini kwake, na ninyi nyote mnatarajiwa nyumbani kwangu Izimbya, Jumamosi tarehe 4 Julai.